Damu ya Kwenye Skrini

Wassila Benchikh ndiye aliyesimamia mtandao wa hospitali moja katika mji wa Mila. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kujikokota, madaktari hawaishi kulalamika, ndipo akaiamuru proksi, ile kompyuta inayosimama kati ya wodi na dunia ya nje, ihifadhi nakala ya kila ukurasa. Mtu akiuomba tena, anapewa nakala palepale. Kesho yake asubuhi watu wakamsifu.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Lakhdar, mzee mtunza friji ya damu.

"Wassila mwanangu, Dokta Nacera wa wodi ya wazazi ananidai mifuko sita ya damu ya kundi O hasi. Mimi ninao mmoja tu."

"Hiyo sita kaiona wapi, ami?"

"Kwenye ukurasa wa benki ya damu. Na nimeurekebisha mwenyewe asubuhi."

Wassila akaelewa. Ukurasa ule hubadilika kila mfuko unapotoka, na proksi yake ilikuwa ikiwagawia watu nakala ya jana. Kule wodi ya wazazi kulikuwa na mama anayesubiri kupasuliwa, damu inamtoka.

Akampigia Nacera. "Dokta, usiuamini ule ukurasa. Ni wa jana. Kosa langu."

"Basi naagiza damu mjini Konstantini. Wewe rekebisha upesi, wenzangu nao wanausoma."

Wassila akaandika amri mpya: ukurasa wenye alama ya kuuliza kwenye anwani, ambao hutungwa upya kila unapoombwa, usihifadhiwe. Akaufungua. Sita. Akaufungua tena. Sita ileile. Akasoma amri zake moja moja, hadi akaona: proksi husoma kutoka juu kwenda chini, na huishia kwenye amri ya kwanza inayolingana, na ile ya kuhifadhi kila kitu ndiyo iliyokuwa juu. Akaipandisha amri mpya juu yake, akafuta nakala zote za zamani.

Mfuko mmoja.

Hakuweza kukaa ofisini. Akaenda kusimama kwenye korido ya wazazi, akisikiliza kila gari linaloingia getini.

"Kaa chini, utaanguka," akamwambia Lakhdar, aliyekuwa hapo akingoja damu iletwe. "Ukianguka na wewe, nitakuwekea damu gani?"

Hakucheka. Boksi la damu lilipopita mbio mbele yake, alijibanza ukutani kulipisha, na hakuthubutu kumuuliza mtu.

Mwishowe Nacera akatoka, kofia mkononi. "Yu hai. Na mtoto pia, wa kike." Akamtazama. "Mtandao ukiwa mzito nitasubiri. Nimeshazoea."

"Sawa, Dokta."

Wassila akarudi ofisini, lakini moyo haukutulia. Tangu jana, ni kurasa ngapi nyingine zilizosomwa zikiwa zimepitwa na wakati? Akaanza na majibu ya maabara, akipiga simu wodi baada ya wodi.