Nilivyowachezea Kioda Wapinzani Wetu

Chekeni tu, nimeshazoea. Kikundi chetu cha akina mama wa Tingi tulikwenda Lipingo kwenye mashindano ya kioda, ngoma yetu sisi wanawake, tuwashinde wenyeji waliotuaibisha mwaka jana. Tulivaa sare mpya ya kitenge. Zamani kitenge ulikipangia foleni. Siku hizi kimejaa soko zima, kumbe na Lipingo walinunua kilekile.

Nilikwenda msalani, miwani nikamwachia Mama Felista. Kurudi, ngoma inalia, kitenge chetu kinacheza! Nikakimbilia mbele, nikazungusha kiuno mpaka uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Mwamuzi akatangaza, “Lipingo wameshinda, na wamshukuru yule bibi wa mbele!”

Mwenyekiti wetu, Mama Anastazia, akapaza sauti: “Dada Kolumba, unarudi Tingi kwa gari la nani?”