Husuni Tatu na Daraja la Njia ya Sur

Mume wangu hakuwa mtu wa matembezi. Tangu tulipohamia Ibra, bara ya Oman, kutoka Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, njia zake zilikuwa za ofisini, msikitini na kwenye mitende aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ukimwambia twende Maskati tukanunue vitambaa, atakutafutia sababu za kukaa mpaka uchoke mwenyewe. Kwa hivyo siku aliporudi kutoka kazini akasema, "Bibi, funga mizigo, nimechukua likizo, twende tukatazame husuni," nilimwekea kiganja kwenye paji la uso nione kama ana homa.

Ukutani kwetu palikuwa na kalenda aliyopewa na wakala aliyemuuzia gari letu la Kijapani. Kila mwezi ulikuwa na picha yake: mara ngome nyeupe ya huko Japani, mapaa yake yamepandana ghorofa kwa ghorofa, mara daraja refu limevuka bahari kutoka kisiwa hiki mpaka kile. Nilikuwa nikisimama mbele yake na ufagio mkononi nikiuliza, "Na sisi tutafika lini huko?" Jibu lake lilikuwa mguno. Siku hiyo akajibu.

"Japani hatufiki, mke wangu. Lakini husuni, ngome za wazee, hata kwetu zimejaa, na madaraja ndiyo hayo wanayajenga kwenye mawadi, mito yetu mikavu. Tuzione zetu kwanza."

"Kwanza kabla ya nini?"

"Kabla ya joto," akasema, akaenda kutawadha.

Watoto tuliwaacha kwa wifi yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa imepakana na yetu. Aliniangalia nikipakia chupa ya chai na sambusa, akacheka. "Wallahi kaka yangu kaingia ujana upya. Nenda, nenda kabla hajabadili nia."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tukazunguka kwa njia panda ya Maskati, na adhuhuri ikatukuta Nizwa. Mnara wa husuni ya pale ni mduara mkubwa, umesimama juu ya soko, na kuufikia juu unapanda ngazi nyembamba zenye giza, zinapinda kila baada ya hatua chache. Kwenye kila kona kuna tundu juu ya kichwa. Humo, zamani, walikuwa wakimmwagia adui asali ya tende iliyochemka. Pale mlangoni mume wangu alinishika bega. Si kunigusa tu, alinishika hasa, kwa vidole vyote, na akanifuata nyuma ngazi baada ya ngazi.

Lazima nieleze maana yake. Kule bara ya Oman mume na mkewe hawashikani mbele za watu. Sokoni alikuwa akitangulia na mimi nikifuata, kama wageni waliokutana njiani. Sasa mtu huyu ananishika bega mbele ya wazee wa Nizwa wenye majambia yao! Niliona haya, na chini ya haya nilifurahi. Nikajisemea, likizo imemlainisha. Kule juu alisimama kwenye ukingo akaelekeza uso kwenye mitende, mitende isiyo na mwisho, na milima nyuma yake. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Kesho yake tulikwenda husuni ya Jabrin. Wakati ule ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza kutengenezwa upya, bado inanukia chokaa. Mlinzi wake, mzee mwenye bakora, alitusikia tukisemezana, akatuamkia kwa Kiswahili cha Pemba, nikampa shikamoo yake. Akatufungulia vyumba vya juu. "Tazameni dari," akasema.

Nikainua kichwa. Dari yote ilikuwa imepakwa maua, mekundu na meusi na ya rangi ya zafarani, yamefungamana shina kwa shina, hujui hili linaanzia wapi na lile linaishia wapi.

"Nieleze," mume wangu akasema.

"Si hiyo hapo, itazame."

"Nataka niisikie kwa mdomo wako."

Nikamweleza. Nilimweleza ua kwa ua, nikimwonyesha kwa kidole, na yeye akiitikia kwa kichwa. Mzee mlinzi akatabasamu akatoka nje, nadhani alituona watu wazima tunaofanya mambo ya maharusi. Mimi pia niliona hivyo. Usiku ule katika nyumba ya binamu yake kule Nizwa nililala nikimshukuru Mungu kwa kunirejeshea mume.

Tulipita tena Ibra kuwaangalia watoto, tukalala, asubuhi tukashika njia ya Sur. Alikuwa na hamu ya pwani. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi. Toka Al Qabil, mji wa njiani, alikuwa akiendesha katikati ya barabara, polepole, shingo ameitoa mbele. Gari likija kutoka mbele analikwepa dakika ya mwisho, na madereva wanatupigia honi.

"Bwana, una usingizi?"

"Jua," akasema. "Jua kali."

Kabla ya kufika Sur njia inateremka kwenye wadi pana, na mwaka ule walikuwa wakijenga daraja jipya. Magari yalikuwa yakielekezwa pembeni, yapite chini kwenye changarawe. Walikuwa wamepanga mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na ubao mkubwa wenye mshale. Nilimngoja akate kona. Hakukata. Alipita katikati ya pipa na pipa, tairi zikapanda zege jipya, na mbele yetu nikaona daraja limekatika. Zege lilikuwa linaishia hewani, nondo zimetokeza nje, na ng'ambo, mbali, kipande kingine kikisubiri.

"Simama! Daraja halijesha! Simama!"

Akakanyaga breki mpaka chupa ya chai ikaruka kutoka kiti cha nyuma. Tulisimama. Kutoka pua ya gari mpaka ukingoni mtu mrefu angeweza kulala, si zaidi. Mafundi wa Kipakistani walikuja mbio wakipiga kelele, mmoja kajishika kichwa kwa mikono miwili.

Mume wangu hakuuachia usukani. "Sikuyaona mapipa," akasema.

"Mapipa makubwa yale?"

"Sikuyaona, bibi. Na wewe hapo ulipo, sura yako siioni. Naona rangi ya leso yako tu."

Wale mafundi walitusukuma nyuma taratibu, wakatuonyesha njia ya chini, wakatuletea maji. Tukakaa kivulini, chini ya lile lile daraja, na hapo akanieleza. Ilikuwa imeanza kama moshi. Mwaka mzima moshi ule ulizidi kuwa mzito, na mchana wa jua ndiyo mbaya zaidi, kama anatazama kupitia kioo kilichopakwa maziwa. Baba yake alipofuka akiwa na umri kama wake. Yeye mwenyewe, kabla ya kupelekwa Unguja kwa ami yake, ndiye aliyekuwa akimwongoza baba yake msikitini, kila mmoja kashika ncha ya fimbo.

"Nikajua ni yale yale yamenifika," akasema. "Nikasema nizione husuni kabla macho hayajazima. Nizione na wewe."

"Na daktari?"

"Baba alipelekwa kwa kila mtu. Walimchoma moto kwenye kisogo, walimtia dawa za kuwasha. Hayakufaa kitu."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, nikamuuliza kama alitaka watoto wake wawe mayatima, waletewe maiti zetu kutoka kwenye korongo la Sur. Halafu hasira ikaisha, ikabaki hofu, na hofu haikuwa na pa kwenda. Ndipo nikakumbuka jinsi alivyonishikilia mwaka uliopita nijifunze gari, jinsi alivyonipeleka mwenyewe kufanya mtihani wa leseni, na mimi nikiona ni ustaarabu wa mume wa kisasa.

"Hamia huku," nikamwambia. "Naendesha mimi."

Nikashika usukani, nikaendesha. Sur tulifika alasiri. Nilisimamisha gari kwenye mwinuko, karibu na husuni inayoutazama mji, nikamweleza na hiyo bila ya kuombwa: kuta zake rangi ya mchanga, minara, mji mweupe chini, na ghuba ndogo ya maji ya kijani inayoutenga mji na Al Ayjah, kijiji cha ng'ambo.

"Pana daraja?" akauliza.

"Hapana. Watu wanavuka kwa mashua."

Akavuta pumzi. "Alhamdulillahi. Nimeshiba. Sasa hata yakizima, nimeona."

"Umeona nini wewe? Nimeona mimi. Kesho tunakwenda Maskati kwa daktari."

Alitaka kubisha. Nilikuwa na funguo za gari mfukoni.

Hospitalini tulikaa na watu wengi kwenye mabenchi. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, mwenye mikono ya baridi, na alisema Kiingereza, nami nikawa mkalimani kwa kile nilichojifunza shule Unguja, nikamsimulia na habari za baba wa mume wangu. Alimulika tochi jicho moja, akamulika la pili. Akapindua kope za juu, akazichunguza. Nilikuwa nikitazama uso wake, si macho ya mume wangu, nikitafuta ile huruma ambayo madaktari huivaa kabla ya kukupa habari mbaya. Sikuiona. Aliandika kidogo, akaniambia.

"Anasemaje?" mume wangu akauliza. "Sema tu, bibi. Mimi nishajua."

"Anasema ni mtoto wa jicho."

"Mtoto wa jicho?"

"Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Anasema maradhi ya baba yako ni mengine, yale yanakula kope, na wewe kope zako ni salama. Anasema wanautoa. Utaona."

"Ule wa wazee? Ule waliokuwa nao mabibi wote wa Malindi, kule Unguja?"

"Ule ule."

Akaanza kucheka. Alicheka akapiga goti lake, daktari naye akacheka bila kujua kinachochekwa, na katikati ya kicheko kile mume wangu akafunika uso kwa kilemba chake akalia. Mimi nilitoka nje. Benchi zilikuwa zimejaa, basi nikakaa sakafuni ukutani, na bibi mmoja wa Kibedui, burka usoni, akanipa chungwa bila kuniuliza kitu. Nililila lote, na maganda nikayashika mkononi.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Zama zile ilikuwa ni kulala chali na bendeji, usigeuke, usikohoe. Baadaye akapewa miwani mizito kama vitako vya gilasi. Alipoivaa mara ya kwanza alinikazia macho mpaka nikajiziba mdomo.

"Bibi," akasema, "umeota mvi!"

"Za daraja hizo," nikamjibu.

Siku ya kurudi Ibra niliendesha mimi, kwa amri ya daktari. Yeye alikaa pembeni, miwani puani, akisoma kwa sauti kila ubao tuliopita: fundi wa tairi, duka la saruji, punguza mwendo, ngamia wanavuka. Alisoma mpaka namba za lori lililo mbele yetu. Siku nyingine ningemwambia anyamaze, kichwa kinaniuma. Siku ile nilipunguza mwendo, nikakaa nyuma ya lile lori, ili azisome vizuri.