Seguro ya Haula

Mtu yeyote wa Mocímboa da Praia aliyewahi kupakia samaki kwenye gari la Haula atakuambia mwanamke huyu anaendesha kama aliyebeba mayai. Akiona kuku mbele, anapunguza mwendo. Akiona mbuzi, anasimama kabisa, anapiga honi kwa adabu, kisha anangoja mbuzi aamue. Vijana wanamcheka, yeye hajali. Gari lile jeupe la mizigo ndilo linalowalisha yeye na binti zake tangu mumewe afariki. Ndilo alilokimbia nalo vita vilipoingia mjini, na ndilo alilorudi nalo watu waliporuhusiwa kurudi, tairi zimekwisha lakini bodi haina hata mkwaruzo.

Basi fikiria uso wake siku alipokwenda kukata seguro, ile bima ya gari, na Hélder wa ofisini akamtajia bei mpya.

"Dona Haula, mwaka huu imepanda. Zaidi ya mara mbili."

Hélder ni kijana wa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hapendi kuleta habari mbaya, na kazi aliyopewa ni hiyo hiyo. Akaeleza kwamba kwa wakubwa wa kampuni kule Maputo wilaya zote za kaskazini ni kitu kimoja, ni hatari tupu, kwa hiyo kila gari la huku limepandishiwa.

"Hiyo nimeisikia," Haula akasema. "Lakini wenzangu hawakuambiwa mara mbili."

Hélder akakohoa. "Sehemu nyingine inatokana na wewe mwenyewe, mama. Samahani sana. Una ajali nyingi. Uliangusha ukuta wa duka Nhica do Rovuma. Uligonga mbuzi wa watu, tena mwenye mimba. Ulirudi nyuma ukavunja meza ya muuza simu hapa sokoni. Katika madereva wote tunaowaandika huku, hakuna anayekufikia."

Zile ajali Haula alizijua zote, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Hapa sina budi kusema ukweli kuhusu watu wetu. Mtaani kwa Haula mtu hanyimwi kitu. Jirani akifiwa, mkeka wako ni wake. Akioza binti, sufuria zako zinaondoka, na zikirudi mifuniko ni ya mtu mwingine. Sasa seguro ilipoanza kuwa ghali, wengi waliacha kuikata. Haula hakuacha, kwa sababu alikuwa akipeleka samaki Afungi, kwenye jiko la wanaojenga mradi wa gesi, na pale getini gari lisilo na seguro haliingii hata kama dereva ni malaika. Ikawa pale mtaani seguro hai ni ya kwake tu.

Wa kwanza kuiazima alikuwa Twalha, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye gari la aina ile ile na rangi ile ile. Alikuwa ameangusha ukuta na mwenye duka anatishia polisi. "Shemeji, si useme tu lilikuwa gari lako? Kampuni ilipe, kwani haijala zetu miaka yote?" Haula aliona aibu kukataa. Akaja Saquina wa nyumba ya pili, ambaye mumewe ndiye aliyemgonga yule mbuzi. Akaja Jacinto, jirani mwingine, na habari ya meza. Njia zilikuwa bado hazina usalama, kampuni haikutuma mtu kukagua, ikaamini neno na picha, ikalipa. Hakuna aliyejiona mwizi. Walijiona wanasaidiana, na hilo ndilo linalonitia hasira na kunichekesha kwa pamoja.

Alipotoka ofisini Haula alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Seguro ya zamani ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Bei ile hakuiweza, na bila seguro Afungi ingefungwa kwake, na chakula cha wanawe kingefungwa nayo. Lakini kilichomsumbua hakikuwa bei peke yake. Vita vilichukua nyumba, vyombo, hata picha za harusi. Alichorudi nacho mjini ni ule uangalifu wake, na sasa ameambiwa usoni kwamba hana. Iliuma kweli.

Ijumaa baada ya sala, wenye magari walikutana uwani kwa Tuaibo, mwenyekiti wao, kulalamikia bei. Tuaibo ana sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Wanatupangia bei watu wasioijua hata barabara yetu! Anayesafiri mchana pamoja na wenzake, na anayejipenyeza peke yake jua likizama, wote bei moja. Haki iko wapi? Kwa nini mtulivu amlipie mzembe?"

Wakapiga makofi. Haula, ambaye siku zote hukaa nyuma na Saquina akisikiliza, akasimama.

"Mimi nauliza hilo hilo, kaka Tuaibo. Kwa nini mtulivu amlipie mzembe? Ila siwaulizi watu wa Maputo. Nawauliza nyinyi mliomo humu."

Akautaja ukuta, akamtaja mbuzi, akaitaja meza. Jina la mtu hakulitaja hata moja.

"Msibani tunachanga wote," akasema. "Seguro nayo ni mchango. Sisi tumeacha kuchanga, halafu tukaenda kula kwa jina la mtu mmoja. Bei ya kaskazini si ya haki, tuidai ishuke, na mimi nitatangulia mbele. Lakini tutadai kwa uso gani, nasi tumewadanganya?"

"Dada Haula," Tuaibo akasema taratibu, "ukiyasema hayo ofisini, watu watafungwa."

"Sitayasema. Mwenye lake atalisema mwenyewe."

Twalha alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Aliondoka bila kuaga.

Siku zikapita, hakuna aliyesema kitu. Saquina alikuwa akimletea Haula sahani ya matapa, kisamvu cha karanga, iliyofunikwa vizuri, anakaa, anaulizia watoto, anaondoka. Haula alikula matapa yale kwa uchungu. Mara mbili alijuta kusimama pale uwani. Ukimtenga jirani kwa ajili ya ukweli, siku ya homa utamwita nani?

Mwezi ulipokaribia kwisha, alipiga moyo konde akaenda ofisini kuomba alipe kidogo kidogo. Akamkuta Twalha. Amevaa kanzu ya Idi, amesimama katikati ya chumba, kiti anacho mbele yake lakini hakikalii.

"Ukuta wa Nhica niliuangusha mimi," alikuwa akimwambia Hélder. "Shemeji yangu siku hiyo alikuwa nyumbani kwake. Kama ni polisi waite, nguo nimeshavaa."

Hélder alinyanyuka akafunga mlango. Rangi ilikuwa imemtoka, maana naye ajali zile alizipitisha bila kwenda kuziona. "Kaa kwanza, mjomba," akasema. "Na mimi nina langu la kuwaeleza wakubwa kule Pemba."

Mchana ule ule Saquina alimleta mumewe, amemshika mkono. Jacinto alikuja wa mwisho, akiongea kwa kelele ili asionekane ana aibu.

Jibu la ofisi ya Pemba halikuwa la huruma tupu. Wale watatu waliambiwa warudishe kilicholipwa, polepole, na kila mmoja aanze seguro yake kwa jina lake. Haula naye alipewa onyo, akalipokea kichwa chini. Lakini Tuaibo aliwashawishi wenye magari wote wakate seguro kwa pamoja na wasafiri mchana tu, kwa msafara, na kampuni ikakubali kuwapunguzia kundi lao na kuitazama upya bei hiyo mwakani. Tuaibo anasema wamepunguza kiduchu. Ameshaanza kupanga maneno ya mwakani, na nina hakika yatasikika mpaka Palma.

Haula alikwenda kuchukua karatasi yake mpya siku mbili kabla ya ile ya zamani kwisha. Bei ilikuwa ya wenzake, hata chini yake kidogo. Hélder akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Condutora sem sinistros," akasoma.

"Nisomee kwa Kiswahili."

"Dereva asiye na ajali."

Haula alivuta mtandio akafuta macho, wala hakujificha. Kisha akageuka kutazama nje dirishani, ambako Twalha alikuwa amejiegemeza kwenye gari lake jeupe, akisubiri zamu yake.

"Soma tena, mwanangu," akasema, "na upaze sauti. Shemeji yangu yuko pale nje, naye asikie."