Fundo Chini ya Figa

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane niliifunga mvua. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, ingawa kazi yangu leo ni kuwaeleza wakulima kwamba mvua haina mtu wa kuifunga wala wa kuifungua. Kichwa changu kimesoma, lakini tumbo langu halijasoma. Masika yakikawia bado najishuku mwenyewe, vilevile kama siku zile.

Kwetu ni Junju, ndani kabisa, mbali na barabara ya lami. Miaka hiyo ya themanini tulilima mahindi na kunde, na shamba letu halikuwa na kisima wala mfereji. Lilikuwa na mbingu tu. Baba alifanya kazi hotelini Mtwapa, na kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na pikapu iliyoleta soda dukani. Mvua ikizidi, tope la bondeni liliishika ile pikapu, baba naye hakuja. Mwezi wa nne hakuja. Mwezi wa tano akatuma salamu kwamba anakuja Jumamosi, na kwamba ameninunulia viatu. Sikuwa nimewahi kuvaa viatu maishani mwangu.

Nilikuwa kitinda mimba, na muda wangu mwingi niliupitisha jikoni kwa Hawe, yaani nyanya yangu, mamake baba. Jioni moja mvua ikimwagika, nikinung'unika kwamba pikapu itakwama tena, Hawe akaanza kunitania.

"Zamani kitinda mimba alikuwa akiogopwa," alisema. "Akifunga majivu ya mekoni kwenye kitambaa, fundo moja, akafukia chini ya figa la upande wa mashariki, basi hakuna mvua mpaka afungue mwenyewe." Akanicheka kwa mapengo yake. "Lakini wewe hata kamba ya mbuzi inakushinda."

Ilinichoma hiyo. Ijumaa Hawe alipokwenda kuchuma mboga, nilichana ukingo wa leso yake kuukuu, nikatia majivu, nikakaza fundo kwa meno. Nikalisukuma figa, nikafukia. "Simama mpaka baba aje," nikaiambia mvua, kwa sauti ya mtu mkubwa.

Jumamosi jua lilichomoza safi. Baba alifika na viatu vyekundu vya plastiki, vikubwa kidogo, na kwa siku mbili hapakuwa na mtoto mwenye furaha kama mimi Junju nzima. Jumatatu akarudi kazini. Mimi na viatu vyangu tukalisahau lile fundo.

Jua halikusahau. Juma la kwanza watu walifurahi kwa kuwa palizi ilikwenda vizuri. Juma la pili mahindi, yaliyokuwa yakinifika magotini, yakaanza kujikunja majani kila mchana. Bwana shamba akaja na baiskeli yake, akashauri watu wapande muhogo na mtama kando ya mahindi, wasitegemee kitu kimoja. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamshukuru. Alipoondoka tu nikasikia wanawake wanaulizana kisimani.

"Hili si jua la Mungu. Kuna mtu ameifunga."

Ndoo ilinitoka mkononi. Nilisikia baridi, jua la saa sita likiniwakia utosini.

Nilikimbia hadi jikoni kwa Hawe, lakini Hawe yupo na moto unawaka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu alikwenda kumjulia hali mgonjwa, nikaingia, nikalisukuma figa likaniunguza vidole, nikafukua. Hapakuwa na kitu. Nikafukua zaidi, nikafukua na chini ya mafiga mengine mawili. Majivu na udongo tu. Fundo limeondoka, na kama fundo halipo, nani atalifungua? Nilikaa pale chini, kwa sababu sasa hata toba haikuwa na mlango. Usiku nilimwota kila mtu wa kijiji akinijia na sahani tupu.

Nilidhani jicho la watu lingenipata mimi. Lilimpata Hawe.

Lilianzia kwa Baba Baya, ndugu yake baba kwa mama mwingine, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Mahindi yake yalikuwa yamekauka kingo zote. Akasimama uani kwetu, akatazama nyuma ya jiko la Hawe, na pale kunde zilikuwa mbichi, majani mapana, zimetambaa mpaka ukutani.

"Mama," alimwambia Hawe, maana hata yeye alimwita mama, "za kwako mbona hazifi?"

"Nazimwagia maji niliyooshea vyombo, mwanangu. Kila jioni."

Ulikuwa ukweli mtupu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimbebea karai. Lakini Hawe alikuwa na mvi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka sitini, na mtu aliyekwisha kuamua hahitaji ushahidi, anahitaji kisingizio. Baba Baya alipewa maji ya kunywa, akayaacha mkekani. Mama yangu alipoyaona yale maji yamebaki, alianza kulia. Alijua kwamba kumwachia mtu maji yake ni kumwita mchawi. Msimu uliopita, kijiji cha pili, mzee mmoja aliachiwa maji namna hiyo, na kabla mwezi haujaisha nyumba yake ilitiwa moto, naye akahama na nguo za mwilini.

Wazee wa ukoo wakakaa. Baba akaitwa kutoka Mtwapa. Ikaamuliwa kwamba Hawe ale kiapo cha papai, na Baba Baya ale pia, kwa kuwa ndiye mshtaki. Mganga hulisomea papai maneno yake, kisha anayeapa humega akala. Mwenye kusema kweli haguswi. Mwongo huvimba mdomo, ukapasuka, na asipokiri hufa. Hivyo ndivyo tulivyoamini, wakubwa kwa watoto. Baba, aliyezoea kuvaa shati jeupe na kuwahudumia wageni, aliamini pia.

Hawe alisema neno moja tu: "Nitakula."

Ilikuwa asubuhi, kweupe, uani kwa Baba Baya. Nyumba nzima ilitakiwa kuhudhuria, hata watoto, kwa hiyo nilisimama mbele kabisa nimeshika upindo wa nguo ya mama. Baba Baya akaanza. Akaapa kwamba hamsingizii mtu kwa chuki, akala kipande chake. Papai lilikuwa bichi, utomvu wake mweupe ukidondoka kwenye vidole vya mganga. Kisha mganga akamgeukia Hawe.

"Sema hivi. Mimi sikuifunga mvua. Wala simjui aliyeifunga."

"Mimi sikuifunga mvua," Hawe akasema, upesi, kama mtu anayejibu hodi.

Likabaki neno la pili.

Watu wakasogea. Hawe aliinua macho, akayapitisha kwenye nyuso, akanipata mimi. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu, muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyomtazama mtoto, na pale pale nikaelewa kwamba kitambaa changu alikichukua yeye. Alijua tangu mwanzo. Nilitaka kupiga ukelele. Badala yake mkojo ulinitoka, ukaniteremka mpaka ndani ya viatu vyekundu.

"Wala simjui aliyeifunga," Hawe akasema.

Akakipokea kipande cha papai, akakitafuna, akameza.

Kiapo kilipewa muda mpaka jua litue. Hawe alirudishwa mlangoni kwake, akaketi kwenye kigoda mahali ambapo kila mtu angemwona. Watu walikaa mbali, ng'ambo ya ua, wakimtazama mdomo. Hakuna aliyemkaribia. Mimi nilikwenda nikaketi miguuni pake, na mama alinifuata hatua tatu akinivuta, kisha akaniacha.

"Hawe," nikamnong'oneza, "ni mimi."

"Punguza sauti."

"Kile kitambaa..."

"Nilikiona Jumamosi ile alfajiri. Niliteleka chungu figa likawa linacheza. Nikakifungua, nikakitia motoni. Baba yako hata hajafika."

"Basi si mimi niliyeifunga?"

Laiti angesema si wewe. Nimelitamani jibu hilo maisha yangu yote. Hawe aligusa mdomo wake wa chini, akaubonyeza, akatazama kidole.

"Sijui, mjukuu wangu. Nilifungua, na mvua haikuja. Hayo mambo mimi niliyasikia kwa nyanya yangu, nikayarudia kwa mzaha. Sijui."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana," alisema, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. "Hebu nitazame mdomo."

Nikamtazama. "Bado, Hawe."

Ndivyo tulivyoshinda. Kila kivuli kilipojongea kidogo aliniambia nimtazame, nami nikamtazama, na kila mara nilijiona nauona umevimba, kisha nikaona ni mdomo uleule. Mara moja alikohoa, watu wa ng'ambo ya ua wakasimama wote. Moyo wangu haujawahi kupiga vile tena, hata siku niliyojifungua mwanangu wa kwanza. Hatukula. Alasiri aliniagiza nimwagie kunde maji, kama kawaida, nikaenda nikizimwagia huku nimegeuza shingo kumtazama yeye.

Jua likatua. Baba Baya akaja polepole, akaketi chini mbele yake, akaomba maji ya kunywa. Hawe akampa kata kwa mkono wake mwenyewe. Akanywa yote.

Mvua ilirudi siku kumi baadaye, wakati mahindi hayakuwa tena na haja nayo. Mwaka ule tulikula kunde za nyuma ya jiko na muhogo wa watu wachache waliomsikia bwana shamba, na viatu vyangu sikuvivaa tena. Hawe aliishi miaka mingi baadaye, akafa kitandani kwake, na siri yangu hakumpa mtu.

Sasa mimi ndiye bibi shamba, nazunguka vijiji vya huko huko nyuma ya Kilifi na mbegu zinazokomaa upesi na kopo la kupimia mvua. Nawafundisha watu kuchimba mashimo yanayohifadhi maji, na kumwagia mboga maji ya vyombo. Lakini majani ya mahindi yakianza kujikunja, jambo la kwanza ninalouliza si mbegu. Nauliza wazee wa hapa ni akina nani, na leo nani amekwenda kuwajulia hali. Nikiona bustani ya kikongwe imebaki mbichi, naita majirani mapema, tunakwenda pamoja, anatuonyesha karai lake.

Watu husema nimemwiga yule bwana shamba wa baiskeli. Labda. Mimi humfikiria yule mwanamke kwenye kigoda. Hawe hakuwa mtu wa kisasa aliyejua kwamba papai ni tunda tu. Aliamini kwamba kwa maneno yale lingeweza kumuua. Alinitazama, akalila.