Anayegonga Saa Sita Mchana

Saa sita na nusu mchana, Athanas Mwakio anapita peke yake kati ya mabasi meupe arobaini yaliyoegeshwa kwenye yadi moja pembezoni mwa Doha. Joto ni nyuzi arobaini na sita. Hakuna mtu, hakuna paka, hata ndege haonekani. Madereva wenzake wamejifungia chumbani kwenye kiyoyozi, wakingoja safari za saa saba.

Anasimama kando ya basi lake, anagusa bati na kuondoa mkono haraka kwa moto wake. Anatega sikio.

"Leo kimya," anasema. Anacheka kidogo, lakini macho hayacheki kabisa.

Athanas, 31, mzaliwa wa Voi, Kenya, ana miezi mitatu tu kwenye usukani. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi mtaa wa Al Thumama, hapa Doha, kwa miaka minne, akisimama saa kumi na mbili kwa siku mpaka miguu ikavimba. Alijinyima, akalipia mafunzo ya leseni ya magari makubwa, akafeli mtihani mara mbili kwa kugonga koni akirudi nyuma. Mara ya tatu akafaulu.

Kampuni inayobeba wafanyakazi wa hoteli kutoka makazi yao mtaa wa Muaither ikamchukua kwa majaribio. Mshahara ni riyal 1,800, mia tano zaidi ya ule wa ulinzi. Sharti ni moja: ukipata barua tatu za onyo, unarudi kusimama mlangoni.

Athanas anazo tatu. Leo saa tisa ofisi inamwita.

Kosa lake ni kuchelewa. Na sababu ya kuchelewa, jamani, ndiyo iliyomtoa mwandishi huyu kivulini.

"Ilikuwa wiki yangu ya pili," anasimulia. "Nimekagua siti zote mpaka ya nyuma, nimefunga basi. Nakaribia chumbani, nasikia ngo, ngo, ngo. Mtu anagonga kioo kutoka ndani."

Alirudi, akafungua, akachungulia chini ya kila siti. Hapakuwa na mtu. Aliondoka amechelewa dakika kumi na mbili, hoteli ikalalamika, akapewa barua.

Mwezi uliofuata, saa ileile, ngo, ngo, ngo.

"Niliapa sirudi. Nikapiga hatua kumi, nikarudi. Sasa ndugu yangu, utakula vipi chakula ukijua labda kuna mtu anaiva humo ndani?"

Basi lilikuwa tupu. Barua ya pili ikaja.

Mkufunzi wake, Arnold Mafabi, Mganda wa Mbale mwenye miaka tisa kazini bila onyo hata moja, alimcheka. "Bati likipigwa na jua linalia, bwana. Yallah, twende, kunywa maji." Wengine wakambandika jina la Mganga, wakimwambia sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu ya wiki iliyopita aligongewa tena.

"Nilijua nikirudi, kazi imekwenda," anasema Athanas. "Nililia, sikufichi. Nilimtukana huyo anayegonga, nikarudi huku nalia."

Basi lake lilikuwa tupu kama kawaida. Lakini aliposhuka, aliona ndara moja kwenye ngazi ya basi la jirani, nyuma ya mlango wa kioo. Ndani, Philipo, msafishaji wa miaka 44, alikuwa amelala kifudifudi. Athanas alimburuta hadi kivulini akipiga mayowe. Safari ikachelewa dakika arobaini, na barua ya tatu ikaandikwa jioni hiyohiyo.

Philipo alilazwa siku mbili, sasa anaendelea vizuri. Anasema aliingia kuchukua simu aliyoisahau alipokuwa akifagia.

"Nilipanda ngazi tu, giza likanifunika," anaeleza. "Mimi sikugonga. Ningegonga na mkono gani? Nilikuwa nimeulalia, hata leo una ganzi."

Chumbani, mwandishi anamuuliza Arnold kama kweli bati hulia hivyo. Arnold anafunga kifuniko cha chupa yake ya maji.

"Bati haligongi mara tatu halafu likangoja," anasema. "Nimekuwa nikisikia kugonga huko tangu mwaka wangu wa kwanza. Huwa naongeza sauti ya televisheni."

Hakuna anayecheka. Madereva wawili wanainamisha vichwa, na mwingine anainuka kwenda kunawa uso.

Saa tisa, madereva wakiwa wamerudi kutoka safarini, msimamizi wao, Paul, anamwita Athanas. Arnold hajaitwa, lakini anainuka na kumfuata. Mlango unafungwa kwa dakika ishirini.

Wanapotoka, Athanas ameshika mkataba wa kudumu. Arnold ameshika barua ya onyo, ya kwanza katika miaka tisa. Aliiambia ofisi kwamba miaka yote amekuwa akisikia kugonga kuleku­le na hakurudi kuangalia hata mara moja; ofisi ikafuta barua tatu za Athanas.

Athanas anampigia mkewe, Pamela, papo hapo. Mpango wao ni miaka mitatu zaidi Doha, kisha wafungue chuo cha udereva Voi. "Mabasi mawili yanatosha kuanzia," anasema, akifuta jasho na machozi kwa kitambaa kimoja.

Arnold anamngoja amalize simu. Barua ameikunja, ameitia mfukoni.

"Kesho saa sita, nikisikia," anamwambia kwa sauti ya chini, "twende wote. Peke yangu naogopa."