Friji Lisilonguruma

Bora niseme mwenyewe. Mume wangu hupeleka watalii kupiga kambi porini, na friji la garini huwanyima usingizi kwa kunguruma. Juzi, kwenye maonyesho ya bidhaa ya Pazhou, Uchina, nikakuta moja lililo kimya kabisa. Nikaliwekea sikio, nikampigia simu ya video.

"Baba Neema, nimelipata. Hata mbu ana kelele kuliko hili."

Akafurahi, akasema nichukue matatu. Nikamwita muuzaji, nikalisifu mbele ya wateja wenzangu hadi jasho likanitoka. Salma, mkalimani wangu, akanitafsiria jibu taratibu.

"Dada, anasema friji lake jipya linanguruma kidogo sana, atakuwashia usikilize. Hilo ni sanduku lake la viatu."

Muuzaji akalifunua. Baba Neema, akiwa bado kwenye simu, akaviona viatu kabla yangu.