Swali Lililotaka Nikae Kimya

Nimeulizwa mambo mengi maishani, na karani wa sensa, na mgambo, na mama mkwe, na wote niliwajibu wakaondoka wameshiba. Swali moja tu lilinishinda, na lenyewe lilikuwa halitaki jibu.

Ilikuwa miaka ile chama cha ushirika kilipoacha kununua pamba peke yake. Wanunuzi binafsi wakaja huku kwetu upande wa Migato, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mmoja wao akatangaza kwamba kila kitongoji atachagua kaya moja aipe bomba jipya la kupulizia dawa, lakini kwanza atatuma mtu na karatasi ya maswali. Watakaojibu kwa kuaminika ndio watachukua bomba.

Hilo bomba mke wangu alilitaka kuliko alivyonitaka mimi siku ya harusi. Kitongoji kizima tulikuwa na bomba moja, bovu, linavuja, na zamu yetu ilikuwa inafika wadudu wamekwisha kula, wameshiba, wamelala mchana kwenye vitumba. Ikabidi mke wangu awe anachovya matawi kwenye ndoo ya dawa, anarashia mche mmoja mmoja kama padri anabariki. Mikono ikambabuka. Asubuhi ile akaniambia, "Baba watoto, leo jibu unachoulizwa. Usiongeze chumvi."

"Mimi naongeza chumvi lini?"

"Tangu uzaliwe."

Akaja binti kutoka Bariadi mjini, ameshuka kwenye pikapu, mkononi ana karatasi nene kama godoro. Tukasalimiana mwadila, habari za nyumbani, za ng'ombe, za njiani. Akasema utaratibu ni mume anaulizwa peke yake, halafu mke peke yake.

Nikaanza mimi. Shamba la pamba ekari ngapi? Nikasema kumi na mbili. Ukweli ni mbili na nusu, lakini mgeni katoka mbali namna ile, utampa mbili na nusu? Tulipofika katikati akauliza tena lile lile. Nikasema kumi na tano. Akafunua karatasi za nyuma.

"Baba, mwanzo ulisema kumi na mbili."

"Mwanangu, umekaa hapa muda mrefu. Limekua."

Akacheka, akaandika. Nikajua bomba ni letu.

Ndipo akasoma polepole: "Swali la kumi na tisa. Kama unanisikiliza, swali hili usilijibu. Kaa kimya mpaka nigeuze karatasi. Je, mvua ya mwaka huu ilikuwaje?"

Sasa, huku kwetu mtu akikuuliza jambo ukanyamaza, anafikiri mawili tu: ama mna ugomvi, ama umefiwa. Ningemnyamazia vipi binti wa watu, hata maji niliyompa hajayamaliza? Nikamwambia mvua ilikuwa kubwa mpaka vyura wa lambo wakaja kuomba hifadhi, tukawalaza na kuku, na jogoo akahama akawaachia banda. Nilikuwa bado naeleza jogoo alihamia wapi, karatasi imeshageuzwa zamani.

Ikaja zamu ya mke wangu. Nikaambiwa nisogee. Nikasogea nyuma ya kihenge cha mtama, hatua kama tano. Nasikia: ekari mbili na nusu. Nikauma kidole. Akaulizwa mara ya pili: mbili na nusu. Mwanamke hana hata huruma ya kuongeza robo.

Likafika la kumi na tisa. Kimya. Namsikia anabangua karanga tu, ka, ka, ka. Kimya kirefu hivi kwamba treni ingefika stesheni ya Malampaka, ikashusha abiria, ikaondoka, bado yeye kimya. Bomba naliona kabisa linapanda pikapu linarudi Bariadi. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mjibu mgeni. Mweleze hata wale vyura."

Karanga zikanyamaza na zenyewe.

"Baba," binti akasema, "swali hili umelijibu mara mbili."

"Na lilikuwa la kutojibiwa hata mara moja," mke wangu akamalizia.

Wiki tatu zikapita, mke wangu hanisemeshi zaidi ya "chakula hicho". Binti akarudi, akatuita kitongoji kizima kwenye ghala la pamba, akasoma jina la aliyepata bomba. Jina la mke wangu. Nikauliza karatasi yangu mimi iko wapi.

"Tumeiweka pembeni, baba."

"Pembeni wapi?"

"Pembeni kabisa. Lakini ofisi nzima imeisoma."

Hilo la mwisho likanipoza.

Akatufundisha. Bomba linabebwa mgongoni, upepo uwe nyuma yako, mdomo ufungwe kitambaa, na hakuna kuongea mpaka umalize, maana dawa ni sumu. Aliposema hakuna kuongea, watu wote wakanigeukia. Mke wangu akanivika bomba kwa mikono yake mwenyewe iliyobabuka. "Mikono ipumzike," akasema, "na masikio nayo."

Siku ya kwanza nikapulizia mstari kwa mstari, mdomo umefungwa. Jirani yangu akapita mpakani, "Mwadila." Nikanyamaza. Akarudia. Nikanyamaza. Akauliza habari za nyumbani. Machozi yakanitoka kwa uchungu wa kuiacha salamu idondoke chini namna ile. Akayaona, akaondoka mbio.

Na mimi sina ugomvi na mtu, hilo linajulikana. Kwa hiyo nilipofika nyumbani jioni nikakuta uani kumejaa watu na mizigo ya kuni na vikapu vya unga, wamekuja msibani. Mke wangu yuko katikati anawaapia kwamba hakuna aliyekufa, na hakuna anayemwamini. Nikafungua kitambaa. Nilikuwa na maneno ya kutwa nzima mdomoni, na hawakuondoka mpaka kuni zote zikaisha.